Mdogo wangu yuko Kentucky na ana mimba: akitokwa damu, hospitali itamtibu?

SWALI: Mdogo wangu alitoka kambi ya Nyarugusu akapelekwa Lexington, Kentucky, pamoja na mumewe na watoto wawili. Sasa ana mimba ya wiki 9. Kwenye vikundi vya WhatsApp wanaambiana kwamba hospitali za huko zinaogopa kumgusa mwanamke ambaye mimba inamtoka. Rafiki yake aliyeko Cincinnati, Ohio, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, mimba ilipomharibikia alisafishwa siku ileile. Iweje nchi moja iwe na sheria mbili? Na mdogo wangu akipatwa na tatizo afanye nini? (Msomaji, Kasulu)

JIBU: Dada, nianze na lile linalokunyima usingizi. Mdogo wako akitokwa damu nyingi au akishikwa na maumivu makali, aende hospitali mara moja, asikae nyumbani kwa hofu ya sheria. Mimba ambayo moyo wa mtoto umekwisha kusimama inatibiwa kihalali katika kila jimbo la Marekani, Kentucky ikiwemo. Mimba iliyotunga nje ya kizazi nayo ni hivyohivyo. Wanayoambiana kwenye WhatsApp yana ukweli, lakini ukweli huo unahusu hali moja mahususi: mimba inayoharibika huku moyo wa mtoto bado unapiga. Huko ndiko wanawake wamecheleweshewa matibabu hadi wakaugua vibaya, na nitakueleza kwa kirefu kwa sababu ndiko anakohitaji kujua la kusema.

Kwanza hili la nchi moja na sheria mbili. Tangu mwaka 1973, kwa hukumu ya Roe dhidi ya Wade, hakuna jimbo lililoruhusiwa kupiga marufuku utoaji mimba kabla mtoto hajafikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo. Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta hukumu hiyo katika kesi ya Dobbs, iliyotokana na sheria ya jimbo la Mississippi, na uamuzi ukarudishwa kwa majimbo. Kentucky ilikuwa imejiandaa: mwaka 2019 bunge lake lilipitisha sheria iliyokaa kimya ikisubiri Roe ianguke. Ilipoanguka, marufuku ikaanza kufanya kazi.

Ohio nayo ilikuwa na sheria kali. Tofauti yao imetokana na jambo ambalo watu wengi hawalitazami, nalo ni katiba ya jimbo inavyorekebishwa. Ohio inawaruhusu wananchi kukusanya saini na kupeleka marekebisho ya katiba moja kwa moja kwenye kura. Walifanya hivyo, na Novemba 2023 asilimia 57 hivi ya wapiga kura waliiweka haki ya uzazi ndani ya katiba. Kentucky haina njia hiyo. Novemba 2022 wapiga kura wake waliulizwa na bunge kama wanataka kuongeza kwenye katiba maneno yanayosema haki ya kutoa mimba haimo, na walio wengi, asilimia 52 hivi, wakakataa. Wengi walidhani marufuku imekufa siku ile. Haikufa, kwa sababu kura ile ilihusu maneno ya katiba tu, sheria yenyewe haikuguswa, na Februari 2023 Mahakama ya Juu ya jimbo iliiacha iendelee. Texas, Tennessee, Georgia na Alabama nazo hazina njia ya wananchi kujipelekea marekebisho ya katiba kwenye kura. Kwa hiyo ramani unayoiona leo haikuchorwa na maoni ya watu peke yake. Imechorwa pia na nani anaruhusiwa kuwauliza.

Sheria ya Kentucky inaruhusu kusitisha mimba pale tu inapobidi kuzuia kifo cha mama, au madhara makubwa ya kudumu kwa kiungo kinachomweka hai. Kubakwa hakumo. Daktari anayekiuka anakabiliwa na kifungo cha mwaka 1 hadi 5, na leseni yake inakuwa hatarini. Mwanamke mwenyewe sheria hiyo haimwadhibu, na imesema hivyo waziwazi. Machi 2025 bunge liliongeza orodha ya matibabu yasiyohesabika kuwa utoaji mimba: kutibu mimba iliyoharibika, mimba ya nje ya kizazi, maambukizi yaliyoingia kwenye damu, kutokwa damu kwa dharura. Gavana aliikataa, bunge likapiga kura tena na kuipitisha bila yeye. Orodha hiyo ni msaada, na mdogo wako anufaike nayo. Lakini bado haimwambii daktari ni homa ya kiasi gani, au ni vikombe vingapi vya damu, vinavyotosha kuita hali kuwa dharura. Anayeamua baadaye kama daktari alikosea ni mwendesha mashtaka.

Sasa tuje kwenye matatizo yenyewe, maana kila moja lina njia yake.

Mimba ya nje ya kizazi hutokea kwa mwanamke 1 au 2 kati ya 100, mara nyingi kwenye mrija. Dalili ni maumivu ya upande mmoja wa tumbo la chini, damu kidogo ya rangi iliyokoza, kizunguzungu au kuzimia, na maumivu ya ncha ya bega, ambayo wengi hawayahusishi na mimba kumbe yanaonyesha damu imevujia ndani ya tumbo. Hii haina kungoja asubuhi. Tiba ni sindano ya methotreksati mrija ukiwa haujapasuka, au upasuaji. Hakuna jimbo linalokataza tiba hiyo, na hospitali ikisitasita, inasitasita bila sababu ya kisheria.

Mimba kuharibika kwenye miezi mitatu ya kwanza ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyosema hadharani: kati ya mimba 100 zilizothibitishwa, 10 hadi 20 hutoka zenyewe. Hapa uwe makini, Dada, kwa sababu si kila kungoja kunatokana na sheria. Daktari hawezi kutangaza kwamba mimba imekufa mpaka ultrasaundi ionyeshe mtoto wa milimita 7 au zaidi asiye na mapigo ya moyo, au kifuko cha milimita 25 au zaidi kisicho na mtoto ndani. Vipimo vikiwa chini ya hapo, utaratibu sahihi ni kurudia baada ya siku 7 hadi 14, na kupima homoni ya mimba kwenye damu mara mbili kwa kupishanisha saa 48. Ohio wangefanya hivyohivyo. Aliyeambiwa «rudi wiki ijayo» akiwa na vipimo vidogo, hana homa na damu ni kidogo, hajaonewa.

Mimba ikishathibitishwa kuwa imekufa, ana njia tatu: kungoja itoke yenyewe, kutumia dawa, au kusafishwa kizazi. Zote ni halali Kentucky, na uchaguzi ni wake maadamu hatokwi damu kupita kiasi. Kwa dawa, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mifepristoni miligramu 200, ikifuatiwa na misoprostoli mikrogramu 800 baada ya siku moja hivi, ilikamilisha kazi kwa wanawake 84 kati ya 100. Misoprostoli peke yake ilikamilisha kwa 67. Tatizo linalojitokeza ni kwenye duka la dawa. Dawa hizi ndizo zinazotumika pia kutoa mimba, hivyo mfamasia anaweza kuikataa karatasi au kumzungusha. Suluhisho lake ni rahisi: amwombe daktari aandike kwenye karatasi ya dawa kwamba mimba imeharibika na mapigo ya moyo hayapo, au apewe dawa hospitalini kabla hajaondoka. Louisiana ndiko mambo yalikofika mbali zaidi. Tangu Oktoba 2024 dawa hizo mbili zimewekwa kwenye kundi la dawa zinazodhibitiwa, ilhali misoprostoli ndiyo hiyohiyo wakunga wa Kigoma wanayoitegemea kuzuia damu baada ya kujifungua.

Hali ya tatu ndiyo iliyoleta vifo na makovu: chupa kupasuka mapema, tuseme wiki ya 16 au 19. Maji ya uzazi yakishamwagika, mapafu ya mtoto hayawezi kukua inavyopasa, na katika wiki hizo nafasi ya mtoto kuishi huwa ndogo mno. Wakati huohuo kizazi kimebaki wazi na vijidudu vinapanda. Utaratibu wa kitabibu uliozoeleka ni kumweleza mama ukweli wote na kumpa njia mbili: kungoja chini ya uangalizi hospitalini, au kumaliza mimba kabla maambukizi hayajaanza. Achague mwenyewe. Chini ya marufuku, njia ya pili mara nyingi hufungwa, kwa sababu moyo wa mtoto bado unapiga na mama kwa saa hiyo si mgonjwa. Joto lake ni 37, mapigo yake ni ya kawaida, damu ni kidogo. Daktari anajua kinachokuja, ila hakijafika. Basi mama anarudishwa nyumbani na kipimajoto, au analazwa na kutazamwa mpaka augue kiasi cha kutosha.

Matokeo yake yamepimwa. Hospitali mbili za kaunti ya Dallas, Texas, zilifuatilia wagonjwa 28 wa aina hii baada ya sheria ya jimbo ya Septemba 2021 iliyobana utoaji mimba. Walingoja siku 9 kwa wastani kabla hali haijabadilika, na asilimia 57 walipata madhara makubwa ya kiafya. Kwa majimbo yasiyo na sheria kama hiyo, waliochagua kumaliza mimba mara moja waliopata madhara hayo ni asilimia 33. Amanda Zurawski, ambaye jina lake limebaki kwenye kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Texas, ya kuomba ruhusa ya kumwokoa mama ifafanuliwe, alipasukwa chupa wiki ya 18 mwaka 2022. Alitibiwa baada ya maambukizi kuingia kwenye damu, akanusurika, lakini mrija wake mmoja wa uzazi uliziba kwa makovu. Mei 2024 mahakama hiyo haikumpa alichoomba, ingawa ilisema daktari halazimiki kungoja kifo kiwe mlangoni. Juni 2025 Texas ilirekebisha sheria yake kufafanua hilo, kwa kura za wabunge wa vyama vyote viwili. Adhabu haikupunguzwa: daktari bado anaweza kufungwa maisha na kutozwa faini isiyopungua dola 100,000.

Wanaotetea marufuku wana hoja, na sitaki uisikie kwa upande mmoja tu. Kwao mtoto aliye tumboni ni mtu kamili tangu kutungwa, na jimbo likikaa kimya linashiriki kumwua. Wanasema ruhusa ya kuokoa maisha ya mama imo katika kila sheria, na daktari anayechelewesha amesoma vibaya au amesikiliza wanasheria wa hospitali kuliko mgonjwa. Hoja ya kwanza ni ya imani na dhamiri, na wanaoishikilia wanaishikilia kwa dhati. Ya pili naikataa. Sheria inayotishia jela kwa kosa la kuwahi, na haina adhabu yoyote ya jinai kwa kosa la kuchelewa, lazima izae kuchelewa. Huwezi kumlaumu daktari mmojammoja kwa jambo linalojirudia kuanzia Dallas hadi Atlanta.

Sasa kwa nini mwingine anaumia na mwingine hapana? Kwa sababu mpaka wa jimbo unavukwa na mwenye uwezo. Mwaka 2023 na 2024, zaidi ya watu 150,000 kila mwaka walisafiri nje ya majimbo yao kutoa mimba. Idadi ya utoaji mimba kwa nchi nzima haikushuka baada ya Dobbs. Kilichobadilika ni nani analipa gharama na nani anabaki. Kwa mtu mzima, kusafiri kwenda Ohio si kosa. Lakini tazama hesabu ya mtu wa Lexington: kilomita 130 hivi kwenda Cincinnati, siku nzima ya kazi imepotea, mtu wa kubaki na watoto, na malipo ya dola 500 hadi 700 katika miezi mitatu ya kwanza, yanayopanda kadiri wiki zinavyosonga. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hailipii, kwa sababu marekebisho ya Hyde, kanuni ya bajeti iliyopo tangu mwaka 1976, yanazuia fedha za shirikisho kulipia utoaji mimba, na leo yanaruhusu tu kwa mimba ya kubakwa, mimba ya ndugu wa damu, au hatari ya kifo. Kima cha chini cha mshahara Kentucky ni dola 7.25 kwa saa. Mwenye kuishi Louisville, mji wa Kentucky ulio mpakani, hata mto Ohio akiuvuka hapati kitu, maana ng'ambo ni Indiana, nako kuna marufuku tangu Agosti 2023. Kusini mwa Texas kuna mama asiye na kibali cha kuishi nchini ambaye hawezi kutoka bonde la Rio Grande bila kupita kizuizi cha askari wa mpaka, kama kile cha Falfurrias. Kwake yeye jimbo jirani ni sawa na ng'ambo ya bahari.

Na madaktari nao wanahama. Hospitali ya mji wa Sandpoint, Idaho, ilifunga wodi ya kujifungulia mwaka 2023, ikitaja hali ya kisheria na kisiasa pamoja na upungufu wa wataalamu. Anayeumia hapo ni hata mama mwenye mimba salama asiyewazia kuitoa. Ongeza juu yake kwamba mwaka 2023 vifo vya uzazi Marekani vilikuwa 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000 kwa wanawake weusi, na 14.5 kwa weupe. Pengo hilo lilikuwepo kabla ya Dobbs.

Kwa mdogo wako, haya ayafanye wiki hii angali mzima. Apate ultrasaundi ya mapema ithibitishe mimba iko ndani ya kizazi na umri wake ni wiki ngapi, zikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ajue kundi lake la damu, hasa kama ni Rh hasi, yaani kundi lenye alama ya kutoa. Abaki na nakala ya ripoti, picha yake iwe kwenye simu yake na ya mumewe. Ahakikishe Medicaid yake iko hai. Kentucky inamlinda mama hadi miezi 12 baada ya kujifungua, lakini sheria ya shirikisho ya Julai 2025 imewabana wakimbizi wasio na green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, kwa hiyo kama ametimiza mwaka mmoja nchini na hajaomba, aombe sasa. Mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi analazimika, kwa sheria iliyoanza Juni 2023, kumpa nafuu ya kazi kwa ajili ya mimba, na hiyo inahusu pia mimba iliyoharibika.

Dalili za kukimbilia hospitali ni pedi mbili kulowa chapa ndani ya saa moja kwa saa mbili mfululizo, joto la nyuzi 38 au zaidi (kipimajoto cha kule kitaonyesha 100.4), usaha au harufu mbaya, maji kutoka ukeni, kuzimia, maumivu ya bega. Akifika aombe mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali zinawajibika kumpa bila malipo, na mtoto wake asitumike kutafsiri. Kama amezoea Kibembe au Kifuliiru kuliko Kiswahili cha Tanzania anachosikia kwenye simu, aseme, abadilishiwe. Aeleze kwa vipimo: tangu saa ngapi, pedi ngapi, mabonge makubwa kiasi gani.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, EMTALA, inailazimu kila hospitali yenye idara ya dharura inayopokea malipo ya Medicare, bima ya serikali kwa wazee, kumpima kila anayekuja na kuituliza hali yake ya dharura, ana bima au hana. Juni 2025 serikali ya shirikisho iliondoa mwongozo uliosema wajibu huo unahusu pia kusitisha mimba, lakini sheria yenyewe ipo. Ikitokea chupa imepasuka mapema na akaambiwa arudi nyumbani, yeye au mumewe aulize maswali matatu, na ayaombe majibu kwa maandishi: «Kama sheria ya jimbo isingekuwepo, mngenishauri nini?» «Mnangoja dalili gani hasa?» «Naomba kuhamishiwa hospitali ya Ohio, mtanipeleka?» Mgonjwa ana haki ya kuomba uhamisho kwa maandishi, na hospitali kubwa za Cincinnati zimezoea kupokea wagonjwa wa Kentucky. Hapo wasianze safari kwa gari lao kama ana homa au damu inamwagika. Gari la wagonjwa liitwe kwa 911.

Jambo moja la mwisho linagusa desturi zetu. Mimba iliyovuka miezi mitatu ikitoka nyumbani, familia nyingi huzika kimyakimya. Kule wasifanye hivyo wala wasitupe chochote. Sheria ya utoaji mimba haimwadhibu mama, lakini katika majimbo kadhaa waendesha mashtaka wamewahi kuwafungulia wanawake kesi kwa kutumia sheria nyingine, kama za kudhalilisha au kuficha maiti. Aende hospitali na kilichotoka, apate matibabu na karatasi, kisha amwambie muuguzi kwamba familia inataka kuzika. Hospitali itawaeleza utaratibu, na watazika wakiwa na karatasi mkononi.